Si Kila Kichwa Huumizwa na Rasta

Nyinyi wasichana mnaosuka siku hizi, mkiona tumbo kubwa limeingia sokoni mnalirukia kama kunguru wameona mandazi. "Auntie kuja hapa! Mami, nikusuke!" Mmoja anamvuta mkono huu, mwingine ule, na mtu wa watu ana miezi minane. Siwatukani. Mimi nilivuta vilevile, tena kwa nguvu kuliko nyinyi. Lakini nimesuka Kenyatta Market miaka ishirini na minane mpaka vidole vikakataa, na nyumba ninayokaa hapa Mutuini kila jiwe lake limetoka kwenye kichwa cha mtu. Shule niliachia darasa la tatu. Mkiona nimeandika neno vibaya, rukeni, endeleeni mbele.

Kusuka harusi, kusuka wanafunzi, kusuka wale wanaotaka kufanana na mtu wa televisheni, hayo mtajifunza wenyewe. Mimi nataka kuwaambia habari ya wenye mimba. Kichwa kingine ukikosea unafumua unaanza upya. Kuna mama mmoja nilikaribia kumwua, yeye na mtoto wake tumboni, na sikumgusa na kitu ila kitana na mdomo wangu.

Nitafika huko. Kwanza kazi.

Mwanamke wa Nairobi akifika mwezi wa nane anakuja kusukwa, awe wa ofisini au wa kuuza nyanya. Anajua akishazaa hataona kitana kwa miezi miwili. Anajua watu wa kanisa watakuja na uji kwenye chupa za chai, picha zitapigwa, na mama mkwe atatazama kichwa chake kabla hajamtazama mtoto. Kwa hivyo usimcheke mtu ambaye hajanunua hata soksi za mtoto lakini amekuja na pakiti sita za nywele. Yeye anajipanga. Kila mtu anajipanga kuanzia pale anapoogopa.

Usimkalishe kwenye kistuli. Mpe kiti chenye mgongo, na miguu iwekwe juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, na juu ya kreti utandike leso. Usimwulize kama anataka kwenda choo. Choo cha soko kiko mbali na mtu anaona haya, atasema "bado kidogo" mpaka machozi yamtoke. Wewe sema "twende," uende naye. Kila mara mkimaliza upande mmoja, asimame atembee mpaka kwa wauza nyama arudi. Wengine harufu ya nyama choma inawapindua tumbo. Wengine inawaokoa. Nilikuwa na kasta mmoja, yaani mteja, alikula nusu kilo na ugali huku tunamsuka, na kwa kuwa alikuwa anataka kutusaidia, akawa anatupokeza nywele na ile mikono ya mafuta. Rasta zake ziling'aa wiki nzima. Akaniambia, "Mama Mutheu, wewe una mkono wa dhahabu." Nikapokea pesa yangu. Ulikuwa mkono wa mbuzi.

Usimrundikie fundo kubwa kisogoni, maana atalala chali na kwa ubavu, na fundo litamsukuma shingo. Rasta ziwe nyepesi, ziweze kukunjwa zikaingia kwenye kofia, kwa sababu akipasuliwa watamvalisha kofia na hawatangoja mrembo apange nywele. Shanga hapana. Kucha za kubandika mwambie atoe nyumbani, daktari anataka kuona ukucha wenyewe. Na pale mbele, kwenye paji la uso, usikaze hata akikusihi. Mtoto akifika miezi mitatu, minne, nywele za mama zinaanza kuanguka zenyewe, na zile ulizokaza ndizo hazirudi. Atakuja kukuonyesha upara wake mbele ya kasta wengine.

Hayo yote nilifundishwa na Mama Kamau. Alikuwa ametangulia sokoni kabla yangu kwa miaka mingi, mama wa Kikuyu mwembamba, mkavu wa maneno. Nilipofika kutoka Ukambani nikijiona najua kusuka, alinitazama nikisuka kichwa kimoja akasema, "Mkono wako ni wa kufunga ng'ombe." Nikamwambia kwetu hakuna kasta aliyelia. Akasema, "Labda kwenu wanavumilia." Jumamosi hiyo akakaa kwenye kiti, akanipa kichwa chake. "Suka kama unavyosuka." Nikasuka. Jumapili akaenda kanisani nazo. Jumatatu akaja, akainamisha kichwa mbele yangu, na paji lote lilikuwa na vipele kama vya mtu aliyeumwa na siafu. "Tazama kazi yako," akasema. Akanifanya nifumue moja moja kwa vidole, bila kitana, huku yeye anakunywa chai.

Tangu siku hiyo mkono wangu ukawa mwepesi. Lakini pia tangu siku hiyo, mtu akisema kichwa kinamwuma, nilikuwa najua kinatoka wapi. Kinatoka kwa rasta. Nilikuwa na uhakika kama mtu aliyesoma.

Sisi pale tulisuka wanne juu ya kichwa kimoja, na bado mnasuka hivyo, nimeona. Ni vizuri kwa mwenye mimba, anamaliza kwa saa tatu badala ya kutwa. Lakini mikono minne inavuta pande nne. Lazima mmoja awe mkubwa wa kichwa, aseme "legeza" na wengine walegeze. Mkubwa alikuwa Mama Kamau. Asipokuwepo, mkubwa ni mimi.

Alhamisi moja hakuwepo. Alikuwa ameenda kuvuna viazi kwa kaka yake. Akaja Muthoni.

Muthoni alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mimba ya kwanza, ameolewa huku Mutuini, anakaa kiwanja kimoja na mama mkwe wake. Tulimpenda. Alikuwa mtu wa kucheka. Alikuja amevaa sandali za mumewe.

"Viatu vyangu vimenikataa," akasema.

"Ngoja mpaka nguo zikukatae," akasema Achieng. Achieng alikuwa wa tatu katika kibanda chetu, mdomo wake hauna mlango. "Mimi kwa mtoto wa pili hata kitanda kilinikataa."

Tukacheka wote. Muthoni akaketi, nikaanza kugawanya nywele. Kisha akauliza, "Mtanimaliza saa nane? Leo ni siku yangu ya kliniki."

Sasa sikilizeni vizuri. Mwanamke mwenye pakiti sita hamalizi saa nane akija saa sita. Nilijua. Na nilijua nikimwambia aende kliniki kwanza, akitoka huko amechoka atakwenda nyumbani, au atashikwa na wasusi wa lango lile lingine. Nikamwambia, "Kliniki iko hapo kesho na kesho kutwa. Mimi kesho nina bibi harusi na wasimamizi wake wanane. Ukitoka hapa leo, hunipati tena mpaka uzae."

Akafikiri. Akasema, "Haya basi. Suka."

Tukiwa katikati akaniambia, "Mama Mutheu, kichwa kinanigonga."

"Ni rasta mpya, mrembo. Kesho zitalegea."

"Lakini nilikuja nacho kutoka nyumbani."

Nilisikia. Msije mkasema labda soko lilikuwa na kelele. Mtu anaweza kusikia na akaamua hajasikia. Nikamwambia, "Meza dawa ya kichwa mbili, ulale. Kesho utanipigia simu unishukuru." Bila Mama Kamau mikono ilipungua, tukamaliza saa kumi na moja. Alikuwa mzuri kweli. Akajipiga picha, akaenda.

Kabla hajaenda alichungulia chini ya benchi langu kuona kama mfuko wake uko salama. Hii nayo ni lazima niwaeleze, maana iko katika kazi. Wazee wengi, wa kwetu na wa huku pia, hawataki nguo za mtoto ziingie nyumbani kabla mtoto mwenyewe hajafika. Wanasema unaita msiba. Sasa msichana wa kisasa ana siku mbili tatu za likizo, amepita Ngara kununua vinguo vya mtumba vizuri, vimepauka vikawa laini, bei ya huruma, ataviweka wapi? Anavileta kwa msusi. Chini ya benchi langu hakukukosa mifuko mitatu, minne, kila mmoja na jina la mama. Mama mkwe akiuliza, msichana anasema hajanunua kitu, na hajadanganya sana. Siku akizaa, dada yake anakuja kuchukua mfuko. Msikatae mifuko hiyo. Mama anayekuachia nguo za mtoto wake amekuamini kuliko kichwa chake.

Mfuko wa Muthoni ulikuwa wa maua ya njano, umejaa mpaka zipu haifungi.

Jumamosi soko limejaa, bibi harusi tulimmaliza jana, tuna vichwa vitatu vinangoja, nikamwona Muthoni anakuja polepole ameshika ukuta. Amevaa miwani myeusi. Nikasema kwa sauti, "Angalia mwigizaji wetu!" Hakucheka.

"Nifumulie," akasema. "Kichwa kimekataa dawa. Sijalala."

Mbele ya kasta watatu. Mnajua nilivyojisikia. Nikamwambia, "Muthoni, hizi hazivuti. Tazama, kidole kinapita hapa. Nimekusuka na mkono wa mtoto."

"Mama Mutheu, tafadhali. Nifumulie tu."

"Ni wewe hujazoea rasta. Siku tatu ukivumilia..."

Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yanatoka chini ya ile miwani. Basi nikamkalisha, nikaanza kufumua kutoka kisogoni, nimekasirika, natupa nywele chini ili wote waone hasara. Achieng akaja kunisaidia. Tulifanya haraka, tukafika nusu ya kichwa. Upande wa kushoto wote ulikuwa huru.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Bado."

"Hata huku tulikofumua?"

"Kote. Kinagonga kote, kwa ndani. Na naona kama vinyota vinapita."

Achieng akasema, "Hiyo ni njaa. Mletee supu ya mifupa, vinyota vitaondoka."

Na mimi, mwenye uhakika wangu, nikasema, "Ndiyo, ni njaa." Kwa sababu kama si rasta basi lazima iwe kitu kingine kidogo. Sikutaka kiwe kikubwa. Kikiwa kikubwa kilikuwepo Alhamisi.

Mama Kamau alikuwa amerudi siku hiyo. Akaingia na birika la chai, akaliweka chini. Hakutazama nywele hata kidogo. Akachuchumaa mbele ya Muthoni, akamshika mkono.

"Pete iko wapi?"

Muthoni akavuta uzi shingoni. Pete ilikuwa imening'inia pale. "Vidole vimevimba, ilikuwa inanibana."

Mama Kamau akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, hapa mbele ya muundi, akaachilia. Shimo likabaki. Likakaa pale kama kidole kimepita kwenye unga wa mandazi.

"Toa miwani. Uso huu ni wako?"

"Nimenenepa tu."

"Kitabu cha kliniki unacho?" Kilikuwa kwenye mkoba. Mama Kamau hajui kusoma sana, lakini anajua safu tupu ikoje. "Hapa mbona hakujaandikwa? Ulikuwa uende lini?"

"Alhamisi."

"Na Alhamisi ulikuwa wapi?"

Muthoni hakunitazama. Afadhali angenitazama.

"Si alikuwa hapa," akasema Achieng.

Mama Kamau akasimama. "Huyu haumwi na nywele. Tafuteni gari."

Na hapa ndipo nawaomba msinifiche mkicheka, maana nilistahili. Nilitazama kile kichwa, nusu rasta, nusu kimesimama kama kichaka, nikafikiria watu wa hospitali wakiuliza ni nani aliyemfanya hivi. Nikasema, "Mama Kamau, ngoja basi nimalizie kufumua. Dakika ishirini. Hawezi kwenda mbele ya watu hivi."

Akaniambia, hakupaza sauti, "Mama Mutheu, unataka afe akiwa amechanwa vizuri?"

Baadaye, siku nyingi baadaye, ndipo aliponiambia kwamba dada yake wa kumfuata alianza hivyohivyo. Kichwa, macho, uso kuvimba. Wao walidhani ni jua la shambani.

Mchoma nyama wa kibanda cha kona alikuwa na pikapu. Akaacha nyama kwenye moto na wateja mezani, akaja na aproni yake yenye damu, mpaka mlinzi wa lango la hospitali akadhani yeye ndiye mgonjwa. Nilikaa nyuma na Muthoni, nimemfunga leso kichwani, amenilalia begani. Njiani akaniambia panamwuma hapa, chini ya mbavu upande wa kulia. Akaniuliza, "Mama Mutheu, mtoto atakuwa sawa?" Mimi mwenye jibu la kila kitu, nikamrekebishia leso tu.

Nesi akamfunga ule mpira wa presha mkononi. Akapima. Akapima tena. Akaita mwenzake. Hawakuniambia wameona nini, lakini kiti cha magurudumu kilikuja kikikimbia. Nesi akanigeukia. "Kichwa kimemwuma tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu asubuhi. Muthoni hakuwa na nguvu ya kunikosoa.

"Alhamisi," nikasema. "Ama kabla."

"Na siku hizo zote mlikuwa mnangoja nini?"

"Nili... Nilimwambia ni nywele."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni msusi."

"Basi suka," akasema, akaenda na mgonjwa wangu.

Nimetukanwa na askari wa kaunti, nimetukanwa na kasta, na mume wangu Mungu amlaze pema alikuwa anajua kutukana. Hakuna tusi limekaa ndani yangu kama hilo.

Nilikaa kwenye benchi. Mume wa Muthoni alikuwa kazini mbali, yuko njiani. Aliyefika kwanza ni mama mkwe, mama mnene wa kitambaa cheupe cha kanisa, ametoka Mutuini kwa bodaboda na matatu mbili, anahema. Akauliza nani amemleta Muthoni. Nikasema ni mimi. Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Mungu akubariki wewe mama. Watu wa mji hawasaidiani, lakini wewe umefunga kazi yako ukamleta mtoto wangu." Akaomba hapohapo, akanitaja katika maombi, akamwambia Mungu amkumbuke huyu mama mwema.

Nikasema amina.

Walimpasua alasiri hiyohiyo. Daktari alituambia presha ilikuwa imepanda mpaka hakuna dawa ya kungoja nayo, ilikuwa lazima mtoto atoke ili mama apone. Alikuwa msichana. Mdogo, mwenye kelele za paka, wakamweka kwenye sanduku la kioo lenye joto. Muthoni mwenyewe siku mbili hakuwa anajua yuko wapi. Siku mbili hizo sikusuka. Nilikuja kibandani, nikashika kitana, nikakiweka chini. Mama Kamau alinipa nywele zile tulizofumua, alikuwa amezichana na kuzifunga vizuri, akasema, "Hizi ni zake. Usiuze."

Nilipeleka mfuko wa maua ya njano hospitalini, maana mtoto alikuwa amefika kabla ya nguo. Nesi akatoa kinguo kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vikubwa. Kofia moja ilimfika mabegani.

Kisha Muthoni akafungua macho na akajua watu. Mtoto akaanza kunyonya. Wakakaa huko wiki kadhaa, wakarudi nyumbani wote wawili.

Sasa nyinyi mtaniuliza, tutajuaje? Hatuna mpira wa presha. Kweli hatuna. Lakini mna macho na mdomo. Kabla hujashika kitana, mwulize kliniki ni lini. Kama ni leo, aende kwanza, hata kama wa lango lingine atamnyakua. Tazama vidole. Tazama kama uso wa leo ni wa wiki iliyopita. Maumivu ya rasta yanakaa kwenye ngozi. Ukigusa yanaongezeka, ukilegeza yanapungua, kesho ni madogo kuliko leo. Yale mengine yako ndani, yanakua, hayasikii dawa, na yanakuja na wenzao: macho kuona ukungu au vinyota, mikono na uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu. Ukiona hata mmoja wao, funika kichwa, aende hospitali hivyohivyo alivyo, siku hiyohiyo. Mkijikuta mnataka kusema "ni rasta," semeni "nenda upimwe presha." Mkikosea hapo, mmekosea vizuri.

Achieng alikuwa ananicheka. "Siku hizi wewe ni nesi wa soko? Hebu nipime na mimi, naona vinyota nikiona kodi." Kasta wengine waliudhika, wakaenda kwingine. Waende. Mmoja alirudi baada ya miezi na mtoto mgongoni, akaketi tu kwenye kiti changu na kuinamisha kichwa. Hiyo nilielewa.

Lakini lilibaki jambo moja, na hilo halikuwa la presha.

Muthoni aliponiita kumwona mtoto, nilikuja huku Mutuini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilileta chupa ya uji wa wimbi na sufuria ya njahi, yale maharage meusi ya mama aliyezaa, na lile fungu la nywele zake. Nyumba ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa. Mama mkwe akanipokea mlangoni, akanivuta mpaka katikati ya sebule.

"Huyu!" akawaambia. "Huyu ndiye niliyewaambia. Kama si huyu, leo tungekuwa tunaimba nyimbo zingine hapa."

Wakapiga makofi. Mmoja akainuka akaniachia kiti kizuri. Wakanipa chai, maziwa mengi. Muthoni alikuwa kwenye kochi, kitambaa kichwani, mtoto kifuani, anatazama sakafu. Alikuwa anajua kila kitu na hakuwa amemwambia mtu. Wiki zote hizo alinifichia. Mama mkwe akaanza tena kusimulia jinsi nilivyofunga kazi, jinsi nilivyombeba.

Nikaweka kikombe chini. "Mama, usinishukuru."

"Nisikushukuru? Hebu msikieni unyenyekevu wake!"

"Si unyenyekevu. Muthoni alikuwa aende kliniki Alhamisi. Mimi ndiye nilimzuia nisipoteze kichwa. Akaniambia anaumwa, nikamwambia ni rasta. Jumamosi akarudi analia, nikamwambia ni njaa. Aliyemwokoa ni Mama Kamau. Mimi nilikaa tu kwenye gari."

Mama mkwe akanigeukia.

"Na hospitalini nilipokuombea, mbona ulisema amina?"

"Niliogopa."

"Sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi."

"Mbona basi umeniambia? Nilikuwa nimeanza kukupenda."

Nikachukua mkoba wangu, nikasimama. Muthoni akasema, "Mum, mimi pia nilikubali kubaki. Sikufungwa kamba." Mama mkwe akamwonyesha kwa mkono anyamaze. Akaenda kwenye kochi, akamchukua mtoto, akamfunua lile shuka usoni. Kichwa kilikuwa laini, kipara, kikubwa kidogo kuliko chungwa. Akaja naye mpaka mbele yangu.

"Keti. Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Basi mshike," akasema, akaniwekea mtoto mapajani. "Kichwa hiki hakina nywele. Tuone utasingizia nini."